Sare ya Waskoti

Tarehe kumi na nne Juni, mwaka juzi, nilimpoteza mume wangu. Alikufa hospitalini asubuhi, kabla sijafika na uji wake. Nilirudi nao nyumbani ukiwa bado wa moto ndani ya chupa, na kwa kuwa sikujua niufanye nini niliunywa mwenyewe, nimesimama jikoni, sijavua koti.

Mume wangu alikuwa na majina mawili, na nilipoolewa nilijua moja tu. Alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokimbilia kwetu Morogoro wakati wa kupigania uhuru wao. Wengi wao walitumia majina ya kubandika, ili wakijulikana huko waliko, ndugu zao nyumbani wasisumbuliwe na polisi. La kwake alilichagua mwenyewe. Kwa jina hilo alikuja kununua nyanya kwa mama yangu, zaidi ya nyanya anazoweza kula mtu mmoja. Kwa jina hilo alileta posa, padri akatufungisha ndoa, na mtoto wetu wa kwanza akabatizwa.

Wakati wa kurudi kwao ulipofika, tukiwa ndani ya ndege, aliniambia, "Sasa nisikilize vizuri," akaanza kunifundisha jina lake la nyumbani. Lilikuwa la Kizungu na ulimi wangu ulilikataa. Alinirudisha tena na tena mpaka mhudumu wa ndege akaja kuuliza kama kuna tatizo. Tuliposhuka Johannesburg nilikuwa mke wa mtu mwenye jina nililolijua kwa safari moja. Tukiwa wawili tu niliendelea kumwita kwa lile la zamani, na yeye hakunikataza hata siku moja.

Hapa mtu akizikwa, jiwe la kaburi linakuja baadaye. Mwaka ukipita, au zaidi, familia inakutana makaburini, jiwe linakuwa limefunikwa kitambaa, watu wanasali, kitambaa kinavutwa, mjane anavua nguo nyeusi, kisha watu wanakwenda kula. Katika shughuli ile mimi nilitaka kitu kimoja. Nilitaka lile jina nililoolewa nalo liwepo kwenye jiwe, hata liwe chini kabisa, hata kwa herufi ndogo. Bila hilo niliona kama nitasimama mbele ya kaburi la mume wa mtu mwingine.

Nilimwambia wifi yangu. Ni mdogo wa marehemu, alikuwa karani wa benki mpaka alipostaafu, na ndiye aliyekuwa anashughulika na fundi wa mawe.

"Makoti," akasema. Ndivyo wanavyomwita mke aliyeolewa kwao, hata awe na wajukuu. "Lile halikuwa jina. Ile ilikuwa vita."

Ni kweli ilikuwa vita. Lakini na mimi nilikuwepo.

Kila mtu analia kwa namna yake, na wifi alilia kwa simu. Tangu mazishi alikuwa anatafuta asili ya jina lao mtandaoni. Anaweka jina la baba yake, simu inamletea watu. Anamchagua mmoja, simu inamletea wengine. Mwishoni alimpata Mskoti mmoja aliyekuja kwenye machimbo ya dhahabu zamani, akawa msimamizi wa shimo, upande huuhuu wa kusini mwa mji. Huyo, akasema wifi, ndiye aliyemzaa babu yao. Na nyuma ya huyo kulikuwa na ukoo mzima, wenye mlima wao, na ngome isiyo na paa, na kitambaa chao. Waskoti kila ukoo una kitambaa chake cha miraba, wanakiita tartani, na mtu wa ukoo huo akikivaa wenzake wanamtambua. Wanaume wanakivaa kama sketi.

"Jiwe litafunikwa na hiki," wifi akasema. "Kaka yangu ataondoka na nguo ya kwao."

Nilijitahidi kuelewa. Shida yangu ni kwamba mimi ni Mluguru, na kwetu ukoo unatoka kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama naye ni wa ukoo wa mama yake, mpaka unafika kwa bibi ambaye hakuna aliyemwona. Baba anapendwa, anaheshimiwa, lakini ukoo hautoki kwake. Sasa wifi alinionyesha mwanamume, juu yake mwanamume, juu yake mwanamume mwingine, hadi Uskoti.

"Na mama zao?" nikauliza.

"Mama zao hawajaandikwa."

"Sasa hawa wote walitokea wapi?"

Binti yangu alicheka. Yeye ni wa pili, alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na hata nikimnukuu humu ujue namtafsiri. "Mama," akasema, "acha shangazi amalize."

Jumapili moja tulikutana nyumbani kwa wifi, Turffontein, kuchagua kitambaa. Anakaa karibu sana na uwanja wa farasi, siku za mbio unasikia kelele za watu ukiwa jikoni. Anaishi na baba mdogo wao, mdogo wa baba yao mzazi, mzee wa miaka karibu tisini ambaye hana habari na kitu chochote isipokuwa farasi. Uwanja uko hatua chache, lakini miguu haimpeleki tena, kwa hiyo anawatazama kwenye televisheni. Siku hiyo wifi alimchukulia televisheni yake ili sote tuone picha za vitambaa kwa ukubwa.

"Farasi wangu wako wapi?" mzee akauliza.

"Wanapumzika, baba mdogo. Tunachagua nguo ya ukoo."

"Ukoo hauwezi kusubiri mbio tatu?"

Nilidhani nguo ya ukoo ni moja. Kumbe ukoo mmoja una nguo nyingi. Kulikuwa na ya siku zote, nyekundu na kijani. Kulikuwa na ya kuwindia, yenye kijani zaidi. Kulikuwa na ya sherehe, yenye nyeupe. Kulikuwa na hizohizo tena lakini za rangi za zamani. Niliuliza ya msiba ni ipi. Wifi alitafuta, akasema kwa ukoo wao haioni.

"Wao hawafi?" baba mdogo akauliza.

Halafu ikaja moja iliyopauka, ya kahawia na kijivu na wekundu kidogo kama kutu. Binti yangu alisoma maelezo, akasema imetengenezwa hivyo makusudi, ionekane kama kitambaa kilichokaa ardhini miaka mingi kisha kikafukuliwa. Hiyo ilinishika. Nilisema, "Hii."

"Hiyo?" wifi akasema. "Makoti, watu watasema tumenunua mtumba."

"Lakini imetoka ardhini. Na yeye yuko ardhini."

Wifi alinitazama kidogo, akaendelea mbele. Alichagua ile ya siku zote, nyekundu na kijani, akaiagiza kutoka ng'ambo palepale kwa simu. Mzee akarudishiwa farasi wake.

Sasa nieleze nilichofanya mimi, kwa sababu nilikifanya kwa moyo mweupe kabisa. Kwetu, shughuli ikiwepo, iwe harusi au arobaini, wanawake wanavaa sare. Kitambaa kinachaguliwa, kila mmoja ananunua cha kwake, anashona mshono anaoutaka, na siku ikifika mnajulikana kwa kitambaa kwamba nyinyi ni wa shughuli ile. Mimi nilisikia "tunachagua nguo," nikaona nguo imechaguliwa, nikajua sare imepatikana. Hapa mjini nina wenzangu, wanawake wa Tanzania walioolewa na vijana walewale wa vita na kuja nao. Tulikuja wengi, sasa tumepungua. Ndio waliokaa na mimi sakafuni wiki ile ya msiba. Niliwatumia picha kwenye kikundi chetu cha simu, nikaandika: Sare ya jiwe la shemeji yenu ni hii, ni ya Waskoti.

Wa kwanza alijibu: Waskoti ni kanisa gani?

Wa pili alijibu: Acheni maswali, kinapatikana wapi?

Kilipatikana katikati ya mji, kwenye maduka ya jumla. Si kilekile kabisa. Mstari wa njano ulikosekana na kilikuwa chepesi, lakini kwa mbali kilikuwa chenyewe. Tulikipeleka kwa fundi wetu, Mkongo mwenye cherehani yake kwenye ghorofa ya pili ya jengo ambalo zamani lilikuwa la ofisi. Mlango wa pili yake ni kanisa, na wakati wa maombi inabidi umweleze vipimo kwa vidole.

"Maman," aliniambia nilipokwenda kujaribisha, "hii kitambaa inanitesa. Nikiunganisha mistari huku, kule inakimbia. Ni ya kanisa?"

"Ni ya ukoo."

"Ukoo ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Marehemu alikuwa muzungu?"

"Hapana."

Alifikiri, mguu wake bado uko juu ya cherehani. "Bon," akasema, akaendelea kushona.

Gauni langu lilitoka vizuri. Lilikuwa na mikono mipana na marinda kiunoni. Mistari haikukutana ubavuni, lakini mkono ukiushusha hakuna anayeona. Nilikuwa bado kwenye nguo nyeusi, hairuhusiwi kuzivua kabla ya siku ile, kwa hiyo nililikunja, nikalipeleka Turffontein kwenye mfuko ili wifi aone. Nilidhani atafurahi. Naye siku hiyo kitambaa chake cha ng'ambo kilikuwa kimefika. Alikuwa amekitandika juu ya meza: sufu nzito, rangi zimetulia, kimepindwa pembeni tayari kwa jiwe. Niliweka gauni langu kando yake.

Wifi aligusa mkono wa gauni kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Sare."

"Ya nani?"

"Ya kwangu. Na wenzangu wameshashona."

"Wenzako wangapi?"

"Wote."

Alikaa. Niliona hasira inapanda shingoni pake. "Makoti. Hii si nguo ya harusi. Mtu anazaliwa nayo. Umewagawia watu ukoo wetu kama pipi."

"Wifi, wanaokuja kulia na mimi watavaa nini?"

"Wavae nguo zao! Hii ni damu."

"Damu ya nani?" nikauliza. Naapa sikuuliza kwa jeuri. Wiki zote zile nilikuwa sijaelewa, na nilitaka kuelewa. "Huyo babu yenu aliyezaliwa na Mskoti, mama yake alikuwa nani?"

"Hatujui."

"Mtu hawezi kukosa mama."

"Nimekwambia hajaandikwa."

Kwenye kona televisheni ilinyamaza. Baba mdogo alikuwa ameshika rimoti. "Alikuwa anafua nguo," akasema.

Tuligeuka wote wawili.

"Mama yake baba yangu. Alikuwa anafua nguo za huyo msimamizi wa shimo. Alikuja kutoka kijijini akiwa na mume wake, na mtoto wao tayari anatembea. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Mskoti hakumzaa mtu. Alikuwa na mashati mengi tu."

Wifi alisema taratibu, "Sasa jina?"

"Eish, jina." Mzee alijifuta midomo. "Serikali ilipokuja kuandika watu kwa rangi, baba alikuwa mtu mzima, ana nyumba, ana sisi. Mwenye jina la Kizulu alijua ataandikwa mweusi, na alijua atakakopelekwa. Mwenye jina la Kizungu na ngozi kama yetu, ya katikati, aliweza kujaribu bahati yake, aandikwe chotara. Baba akakumbuka jina lililokuwa limeshonwa kwenye kola za yale mashati. Akalichukua. Jioni alitupanga mstari, mimi na baba yako, akatufundisha kulitamka kama watoto wanavyofundishwa sala. Ukikosea unarudia. Halafu tukaenda kuandikwa, likakubaliwa."

"Na jina la kwanza? Letu lenyewe?"

"Alisema tusilitaje. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu."

Mimi nilikuwa naifikiria ndege, na mume wangu akinirudisha, tena, tena, sema tena. Sikujua kama yeye mwenyewe alilijua hili. Mpaka leo sijui. Ningependa kumuuliza.

"Baba mdogo," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "mwaka mzima umekaa kwenye hicho kiti unanitazama natafuta. Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaiuliza simu." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Na ulikuwa unafurahi. Tangu kaka yako afe sijakuona ukifurahia kitu kingine."

Wifi alianza kukunja kitambaa, kona kwa kona, vizuri kama mtu anayekirudisha dukani. Mimi nilikunja gauni langu. Nilitamani nimwambie kitu, lakini sikujua nimpe pole ya nini. Alikuwa amepoteza Waskoti, nami sikuwahi kuwajua.

"Hilo jina lingine la yule kijana," baba mdogo akasema. Miaka yote alimwita mume wangu kijana. "Lile mnalogombania. Limeandikwa kwenye jiwe?"

"Hapana," wifi akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si jina la kweli."

Mzee alimtazama tu. Wifi aliinamisha kichwa juu ya kile kitambaa, na nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, halafu kweli akalia. Baadaye alitoka nje na simu, tukamwona kupitia dirishani anatembea mbele ya geti anaongea na fundi wa mawe. Aliporudi alisema, "Anaweza kuliongeza. Chini. Herufi zitakuwa ndogo."

"Ndogo zinatosha," nikasema.

Swali la kitambaa lilibaki. Wifi hakutaka tena kukiona. Alisema tununue shuka jeupe kama watu wengine. Mimi nikasema hapana. Nisiseme uongo, nilikuwa nimeshakipenda. Na wenzangu walikuwa wameshashona. Na tena, hata sasa sielewi kwa nini jina libaki na nguo yake itupwe. Wifi akasema, "Fanya unavyotaka, makoti," na hakusema kwa ubaya.

Jiwe lilifunguliwa Septemba mwaka jana, siku ya upepo na vumbi. Wenzangu walikuja kwenye teksi mbili, wakashuka mmoja mmoja na miraba yao, nyekundu na kijani, wengine sketi na blauzi, mmoja na kilemba kirefu kama jogoo. Mchungaji alimuuliza binti yangu pembeni hiyo ni kwaya ya wapi. Sijui alimjibu nini.

Jiwe lilikuwa limefunikwa sufu ya Waskoti, mawe manne pembeni kuizuia isipeperuke. Tulisali. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kofia imevutwa mpaka machoni. Wifi alishika kona moja, mimi kona nyingine, tukavuta. Jina la Kizungu lilikuwa kubwa, la dhahabu. Chini yake, chini ya tarehe, lilikuwepo lile la kwangu, dogo, na herufi zake zilionekana mpya kuliko nyingine.

Upande wa familia walisoma la juu. Wenzangu walisoma la chini, maana hilo ndilo walilomjua nalo tangu Morogoro. Niliwasikia nyuma yangu wakilinong'ona kama watu wanaoelekezana mlango. Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Shemeji, kumbe umo humu."

Nilivua koti jeusi na kitambaa cheusi cha kichwa, nikaenda nyuma ya gari na mwenzangu mmoja akanivalisha gauni langu. Lilinibana kidogo mgongoni. Niliporudi, upepo ulikuwa umezivuruga nywele za wifi, na mwenzangu mwenye kilemba alikuwa anampa kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi. Wifi alikishika mkononi kwa muda mrefu. Kisha akajifunga kichwani, akasema ni kwa sababu ya vumbi.

Wakati wa kuondoka, binti yangu alikuwa amekumbatia ile sufu, hajui aiweke wapi. Alimuuliza shangazi yake iende kwa nani. Wifi aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia yeye.

"Leteni huku," baba mdogo akasema kutoka ndani ya gari. "Kuna baridi."

Binti yangu akamfunika magoti. Mzee akaivuta hadi tumboni, akaisokomeza pande zote mbili, akasema tuharakishe, mbio zinakaribia kuanza.